Mbio Utaziweza, Ramani Je?

Haya wadogo zangu, sogeeni, leo dada yenu anaingia msituni. Kuna swali linalorudi kila fomu za mashindano ya kiangazi zinapofunguliwa, na wanaouliza ni nyinyi mlioko Sweden, Norway, Uingereza na Marekani, mliovutwa na rafiki wa chuo au klabu ya mtaani kwenye orientiringi. Kwa ambaye hajaujua mchezo wenyewe: unapewa ramani na dira, unaingia porini kutafuta vibendera vya rangi ya chungwa na nyeupe, kituo kimoja baada ya kingine kwa mpangilio uliochapwa kwenye ramani, na saa inahesabu. Utamu wake utauonja mwenyewe. Tabu inaanza mapema, kwenye fomu. Mbele yako kuna orodha ndefu ya herufi na namba, D21, D21K, D35, H45, U1, na nyingine hata hazina umri, na unatakiwa uchague daraja lako na ulipe kabisa.

Msimamo wangu nausema sasa hivi ili tusizungushane. Watu wetu wengi wanachagua daraja kwa miguu. Mimi nasema chagua kwa kichwa kwanza, miguu ifuate, umri uwe wa mwisho.

"Dada," ameniandikia binti mmoja aliyekulia Eldoret na sasa anasoma Uppsala, "mimi kilomita kumi nazikimbia kwa dakika 42. Wenzangu wa klabu wanakwenda mashindano ya O-Ringen na nimeona D21 siku moja ni kilomita tano tu. Si nitamaliza hata jasho halijanitoka?"

Jasho litakutoka, mdogo wangu, na pengine machozi juu yake. Kwanza hizo kilomita tano si tano. Zimepimwa kwa rula juu ya ramani, mstari ulionyooka kutoka kituo hadi kituo. Wewe hutapita kwenye mstari huo, kwa sababu katikati yake kuna ziwa, kuna genge, kuna kichaka ambacho hata swala angekikwepa. Mwenye akili anazunguka, na akishazunguka, tano zimekuwa sita au saba. Kisha kuna vilima. Pembeni ya urefu wa njia huandikwa jumla ya mita za kupanda, na wengi huziruka wakidhani ni habari ya waandaaji. Zisome. Hesabu wanayoitumia wakimbiaji wa milimani ni kwamba kila mita 100 za kupanda ni sawa na kuongezewa kilomita nzima ya tambarare. Njia ya kilomita tano yenye mita 150 za kupanda imeshafika sita na nusu kabla hujapotea hata mara moja.

Na kupotea utapotea. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Chukua kipande kimoja cha msitu wa Sweden, na ramani ya kipimo cha 1:10,000, ambapo sentimita moja ni mita 100 ardhini. Kwenye njia nyepesi, mpangaji anakuambia toka hapa kwenye njia panda, fuata barabara ya magari ya magogo mpaka daraja dogo, kituo kiko hapo darajani. Sentimita nne kwenye ramani. Mkono wako umeshikwa na barabara mwanzo hadi mwisho, ukizubaa barabara inakurudisha. Kwenye njia ngumu, kutoka njia panda ileile na kwa sentimita nne zilezile, anakupeleka upande wa pili. Barabara hakuna. Unavuka kinamasi ambacho nyasi zake zinakubeba hatua mbili na ya tatu unazama hadi gotini. Unatoka, mbele yako kuna vichuguu viwili vya mwamba vinavyofanana, kati yao miti ya misonobari iliyosimama imepangana hadi macho yanachoka. Kituo kiko nyuma ya jiwe. Jiwe lenyewe kwenye ramani ni nukta nyeusi ndogo kuliko punje ya ufuta, na ardhini linaweza kuwa na kimo cha mita moja tu, limevikwa majani ya kijani, na kibendera kimewekwa upande ule usioutazama. Ukipita mita ishirini kushoto hukioni. Sasa uko wapi? Kitu pekee cha kukujibu ni zile kontua za kahawia, mistari tuliyoichora darasani kwenye jiografia tukaisahau siku ya mtihani ilipoisha. Pale kila mstari ni mita tano za kwenda juu au chini, na anayejua kuisoma anaona bonde, mgongo na shimo kabla hajavifikia. Asiyeijua anaona tambi.

Kwa hiyo dakika zako 42 zitakusaidia darajani. Kwenye jiwe zitakufikisha haraka zaidi mahali pasipo. Mabingwa wa dunia wenyewe, watu wanaokimbia kilomita ya barabarani kwa dakika tatu na ushee, wakiingia misitu ya namna hii hutumia dakika tano au sita kwa kilomita, na wao hawapotei. Mwanaklabu wa kawaida anayejua kazi yake, 12 hadi 15. Anayeanza asishangae kuona 20 au zaidi. Zidisha mwenyewe, halafu jiulize kama saa mbili za kutafuta mawe ndiyo likizo uliyoikusudia.

Na hapa kuna mtego ambao nimeona wengi wakinaswa nao wakidhani wamejinyenyekeza. Ile K ya Sweden mwishoni mwa daraja, au S kwa Waingereza, maana yake ni njia fupi. Mtu anasema, mimi mgeni, acha nichukue fupi. Fupi mara nyingi inakupunguzia kilomita, ugumu wa ramani unabaki palepale. Utakuta mawe yaleyale, vinamasi vilevile, ila machache. Hali kadhalika madaraja ya wakubwa: D65 ni fupi, lakini akina mama wanaoikimbia wamesoma kontua miaka arobaini na vituo vyao vimefichwa kama vya vijana. Usije ukamwona bibi anatembea haraka haraka na fimbo ukadhani njia yake ni ya mteremko.

Ugumu wa ramani kwa kawaida umefungwa kwenye madaraja ya watoto, unapanda kadiri wanavyokua. Wa miaka kumi wanafuata vijia, wa 12 wanaanza kuviacha kidogo, wa 14 wako katikati, wa 16 wameshatupwa msituni kama watu wazima. Mtu mzima anayeanza hana daraja la umri linalomfaa kwa ugumu, ndiyo maana waandaaji wakatengeneza njia za wazi. Hizo hazina umri wala jinsia, zimepangwa kwa ugumu na urefu, mara nyingi unajisajili siku hiyohiyo, hata asubuhi yake, na unaanza muda unaoutaka ndani ya saa walizotangaza. Binti yangu wa Uppsala, huko ndiko ninakokutuma: njia ya wazi ya ugumu wa kati, ndefu kadiri miguu yako itakavyotaka. Utakimbia kweli, maana kuna vijia vya kukimbilia, na kila kituo cha tatu au cha nne kitakulazimisha kufikiri. D21 itakusubiri mwakani, haihami.

Anayetaka kujua daraja lake kwa uhakika zaidi ya maneno yangu, kazi ni ya nusu saa tu. Fungua matokeo ya mwaka uliopita ya mashindano yaleyale, au ya eneo lililo jirani. Wengi humtazama mshindi. Mshindi hakuhusu. Shuka hadi katikati ya orodha, kama waliomaliza ni 80 mtazame wa 40, uone alitumia muda gani. Kisha tazama mkiani, wangapi hawakumaliza, wangapi walikosa kituo wakafutwa. Daraja ambalo mtu wa katikati ametumia saa moja na robo, na waliofutwa ni wachache, linakaribisha. Daraja ambalo robo ya watu hawakumaliza, lipishe. Mashindano mengi pia huweka ramani zake kwenye tovuti ya Livelox, unaona njia ambazo watu walipita, mistari ya rangi ikizungukazunguka jiwe moja dakika nane. Ukitazama michoro ya watu watano wa daraja unalolitamani na ukaweza kueleza kwa nini mmoja alipita kulia na mwingine kushoto, unaliweza. Usipoelewa walikuwa wanatafuta nini, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Sasa umri, maana nao una sheria yake na wengi wanajikuta wamejisajili kimakosa. Siku yako ya kuzaliwa haihesabiki, unahesabika mwaka. Kama umezaliwa Novemba 1991, mwaka 2026 wewe ni wa 35 tangu tarehe mosi Januari, ruksa kuingia D35 hata kama mashindano ni Julai na keki bado. Watoto na vijana kinyume chake: aliyezaliwa Desemba 2014 anabaki daraja la 12 mwaka mzima wa 2026. Na umri ni ruhusa, si amri. Mama wa miaka 50 akijisikia anaweza kukimbia D45, D35 au D21 na vijana. Kijana wa 17 anaweza kupanda hadi 21. Kinachokatazwa ni kushuka kwenda kwa walio dhaifu kuliko wewe. Herufi nazo zisikuchanganye: Skandinavia, Ujerumani na Uswisi D ni wanawake na H ni wanaume, ukienda kwa Waingereza unakuta W na M, na kwa Wamarekani F na M. Daraja lenye E mwisho ni la mabingwa, huingii kwa kulipa tu.

Ndugu yangu mmoja wa Ohio, mzee wa miaka 52, yeye shida yake ni rangi, maana kwao na kwa Waingereza njia hupewa majina ya rangi. Kwao anakimbia njia ya kahawia kila mwezi na anaimudu vizuri, sasa anakwenda kumtembelea mwanawe Uskoti wakati wa mashindano ya Scottish 6 Days na anauliza kama achukue kahawia hiyohiyo. La hasha, kaka. Rangi hazikukubaliana kuvuka bahari. Marekani kahawia ni ramani ngumu lakini ndiyo fupi kuliko zote ngumu, haifiki kilomita tano, kisha inakuja kijani, nyekundu, na buluu ndiyo ndefu ya mwisho. Uingereza wamezigeuza: ngumu zinaanzia kijani, zinafuata buluu, kahawia, nyeusi. Kahawia yao ni mara nyingi kilomita saba na zaidi, ya vijana wenye vifua. Nyekundu nayo ni kituko, Marekani ni ngumu na ndefu, Uingereza ni ndefu lakini ramani yake nyepesi, wametengenezewa wakimbiaji ambao hawajajua kusoma msitu. Binti wa Eldoret angekuwa Sheffield badala ya Uppsala ningempeleka nyekundu leo leo. Wewe kaka, chukua kijani ya Waingereza, au daraja la umri wako, M50 fupi. Tena Uskoti si Ohio. Kule kuna mwinuko wazi wenye vichaka vya magotini vinavyokamata miguu, na kangaga zinazofika kifuani mwezi Julai, ardhi ambayo huwezi kuikimbia hata ukitaka. Punguza daraja moja kwa ajili ya ardhi peke yake. Na beba filimbi, huko mara nyingi bila filimbi hawakuruhusu kuanza.

Nimetaja Scottish 6 Days na O-Ringen, na ni lazima niseme kwamba haya ni mashindano ya siku nyingi, hesabu yake ni nyingine. O-Ringen ya Sweden ilianza 1965, inakimbiwa siku tano mwezi Julai kila mwaka sehemu tofauti ya nchi, na ndiyo kubwa kuliko zote duniani. Mwaka 1985 kule Falun walikusanyika zaidi ya watu 25,000. Ukiwa kwenye daraja la umri, muda wa siku zote unajumlishwa, na siku ya mwisho watu wanaanza kwa kufukuzana kulingana na tofauti zao, anayeongoza mbele. Raha yake haisemeki. Lakini ukikosa kituo kimoja Jumanne, jumla yako imekwisha na siku zilizobaki unakimbia bila hesabu. Kwenye njia za wazi kila siku inajitegemea. Leo umechoka, kesho unachukua fupi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, hilo lina thamani kuliko medali yoyote mnayoiota.

Na mchague daraja la siku ya nne, si la siku ya kwanza. Siku ya kwanza kila mtu ni simba. Siku ya nne vifundo vimevimba, soksi hazijakauka, usingizi wa hema umekula mgongo, na njia ya kilomita saba iliyokuwa ikicheka kwenye fomu sasa inakutazama kwa dharau. Kama una shaka kati ya mawili, chukua la chini. Sijawahi kusikia mtu akilalamika mwisho wa wiki kwamba vituo alivipata kirahisi mno.

Walio juu ya miaka 35 wanaoota mashindano ya dunia, jueni kwamba yapo na hayahitaji mteuliwe na nchi. Ya wakongwe yanaanzia 35 na kupanda miaka mitano mitano, unajisajili mwenyewe, na huko daraja halikusumbui: unakimbia mchujo, wenyewe wanakupanga fainali inayokufaa.

Niende kwa mama wa Bukavu anayeishi Göteborg, ambaye barua yake ameianza na "yaya", yaani dada, nikajisikia niko nyumbani. Ana mtoto wa miaka tisa, wote wawili ni wageni wa mchezo, anauliza kama wajisajili daraja moja wakimbie pamoja. Mdogo wangu, wewe ukiwa na daraja lako na yeye lake, kila mmoja yuko peke yake msituni, kusaidiana hakuruhusiwi. Lakini kuna madaraja ya kujifunzia yenye herufi U, U1 ikiwa nyepesi kuliko zote, ambako mtu mzima anaruhusiwa kumfuata mtoto. Mfuate nyuma, mdomo umefungwa. Akifika njia panda akasimama, muulize tu, "tuko wapi?" halafu usubiri hata kama mvua inanyesha. Wazazi wengi niwaonao wanashika ramani wenyewe, mtoto anakuwa mzigo unaokimbizwa, wanafika mwisho mama ana furaha na mtoto hajui alipita wapi. Ukitaka kukimbia na wewe, chagua njia ya wazi, uanze yeye akishamaliza, au mpokezane na mume wako. Wadogo zaidi ya hapo wana njia yao ya kufuata kamba au utepe, wanapewa na zawadi.

Mengine ni madogo lakini yanawasumbua. Madaraja ya umri mara nyingi yanadai uwe mwanachama wa klabu, njia za wazi hazidai, kwa hiyo mgeni aliyeko kwa wiki mbili asihangaike. Saa ya GPS inayoonyesha ramani usiitegemee kukuongoza, kanuni hazikubali. Ivae ya kawaida, njia yako uione jioni. Chipu ya kidoleni, ile inayorekodi vituo ulivyopita, unaweza kukodi, andika kwenye fomu. Na msiandikishane daraja moja wachumba kwa sababu tu ni wachumba. Mmoja atatoka msituni dakika arobaini kabla ya mwenzake, na chakula cha jioni kitakuwa kimya.

Hili la mwisho naliweka kwa herufi nzito kichwani mwenu. Ukiona daraja limekushinda katikati ya msitu, acha. Hakuna aibu, hata mabingwa huacha. Ila usiende moja kwa moja kwenye gari au hema. Pita mwisho, chipu yako isomwe, ili wajue umetoka. Mtu asiyesomwa anahesabika bado yuko msituni, na jioni watu wazima wenye tochi wataanza kukutafuta wakati wewe unakoroga chai.

Mmoja ameuliza kama inawezekana kubadili daraja wiki ikiwa imeshaanza. Kuhamia njia za wazi, aghalabu inawezekana, kwa ada ndogo na kabla ya saa yao ya kufunga. Dawati la taarifa huwa na foleni ndefu watu wanapotoka msituni. Nenda jioni, baada ya kuoga, ukiwa na namba yako ya chipu mkononi.